Kivuli Kikitangulia Mbele

Shule zikifungwa Desemba, banda langu la kutengeneza baiskeli hapa Magomeni linajaa watoto tangu asubuhi. Huyu cheni imeruka, yule tairi limekula msumari, mwingine anataka kiti kipandishwe kwa sababu amerefuka tangu likizo ya Juni.

"Shikamoo fundi, nijazie upepo."

"Marahaba. Isogeze kivulini kwanza, hilo tairi limeshapata moto."

Wazazi wanaokuja nao huuliza swali moja: fundi, hili jua halitawaumiza watoto? Ni swali la maana, na nitalijibu huko mbele. Lakini kwa haya niliyoyaona nikiwa nimekaa pembeni ya barabara miaka yote hii, jua la saa sita mchana halinitii hofu kama jua la saa kumi na mbili jioni.

Dar es Salaam tunaijua kaskazi inavyokuwa. Vuli imekwisha, masika hayajafika, joto linapanda hadi nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wa bahari unalifanya lishike mwilini kama shuka lililoloa. Mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, ukisimama unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Mzazi mwenye busara humfungia mtoto ndani saa hizo, au humwacha chini ya mwembe. Basi makali yakipungua, mnamo saa kumi na moja, mitaa yote inafunguka kwa pamoja. Watoto wanatoka na baiskeli na skuta, wengine wanapiga mpira, akina mama wanapanga meza za mihogo na bagia, bodaboda na bajaji zinarudisha watu makwao, na magari yanayokimbia foleni ya Barabara ya Morogoro yanapenya kwenye vichochoro vyetu. Joto limewakusanya watoto wote katika saa moja, na saa hiyo ndiyo dereva anayoona vibaya kuliko zote za mchana.

Nililielewa hili vizuri baada ya ajali iliyotokea karibu na banda. Mtoto wa darasa la nne alikuwa anatoka dukani kwa baiskeli, anakwenda mdogo mdogo, pembeni kabisa, kama alivyofundishwa. Bajaji ikakata kona ikampiga usukani. Dereva aliruka akakaa chini, mikono kichwani: "Wallahi sikumwona. Sikumwona kabisa." Vijana walitaka kumpiga. Wazee wakasimama katikati, mtoto akakimbizwa hospitali, akafungwa plasta mkono, na alipona. Lakini yale maneno ya dereva yalinikaa. Mchana kweupe, mtaa umenyooka, mtoto amevaa fulana nyekundu. Anawezaje kusema hakumwona?

Siku iliyofuata, saa ileile, niliazima bajaji ya rafiki yangu, nikaisimamisha mahali palepale, injini imezimwa, nikakaa kiti cha dereva. Kijana wangu wa bandani nikamtuma mbele na baiskeli aje kwangu polepole. Mtaa ule unaelekea magharibi, na jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa mabati. Kioo cha bajaji kina vumbi na mikwaruzo, jua likikipiga kinawaka chote. Nilichokiona ni weupe, na ndani ya weupe huo kitu cheusi kisicho na umbo. Alipopita chini ya kivuli cha mwarobaini, alipotea kabisa. Nikamwambia avae koti la njano la bodaboda, lile lenye mistari inayong'aa. Hakuna kilichobadilika, maana mwanga wote ulikuwa nyuma yake. Rangi haikuwa na kitu cha kuimulika. Koti lile ni zuri sana usiku mbele ya taa za gari, na linafaa mchana jua likiwa juu. Jua likiwa limelala nyuma ya mwendesha baiskeli, halimsaidii.

Fikiria sasa dereva aliye kwenye mwendo. Bajaji inayokwenda kilomita 40 kwa saa inameza mita 11 kila sekunde. Dereva akikunja uso na kupepesa macho kwa sekunde mbili tu, amepita mita 22 bila kuona. Katika mtaa wetu hiyo ni milango ya nyumba tatu, na kila mlango una mtoto.

Kuanzia hapo nikaanza kuwafundisha watoto kitu ambacho sikuwahi kumsikia mtu akikifundisha: kutazama kivuli chao. Kivuli chako kikitangulia mbele, jua liko nyuma yako, kwa hiyo dereva anayekuja mbele yako limemwingia machoni yeye. Kivuli kikiwa nyuma, wewe unatazamana na jua, na dereva anayekuja nyuma yako anatazamana nalo vilevile. Tuliufanya wimbo, wanauimba wakizunguka uwanjani: *kivuli mbele, ogopa wa mbele, kivuli nyuma, ogopa wa nyuma.* Mtoto wa miaka saba anaushika siku hiyohiyo. Na wakubwa kidogo nawaongezea kipimo: kivuli kikiwa kirefu mara tatu ya urefu wako, saa ya hatari imeshaanza. Kwa majira haya inakuwa kama saa kumi na moja na nusu. Hapo unatoka kwenye mtaa unaopitisha magari, unarudi uwanjani au kwenye kichochoro kisichopitika, na ukilazimika kuvuka barabara unashuka, unaikokota baiskeli kwa miguu. Asubuhi mambo yanageuka: anayetoka Kimara, upande wa magharibi wa jiji, kwenda mjini ndiye anayepigwa na jua usoni. Watoto wa likizo hawaamki saa hizo, lakini wauza mikate na wauza madafu wako barabarani tangu alfajiri, na nao nimewaimbia wimbo huohuo. Hawakucheka. Mmoja aliniambia amekwishapigwa kioo cha pembeni cha daladala kwa sababu hiyohiyo, ila hakuwahi kulifikiria jua.

Halafu kuna Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, katikati ya joto lenyewe. Dakika kumi na tano kabla ya adhana ya magharibi, kila mtu anakimbilia futari: dereva amefunga tangu alfajiri, ana kiu, kichwa kinamgonga, jua liko machoni, na nyumbani uji umeshamiminwa. Simlaumu, mimi pia nafunga. Lakini nawaomba wazazi kwa moyo wangu wote, dakika zile mtoto asitumwe dukani kwa baiskeli kufuata barafu au tende. Atumwe mapema, au aende kwa miguu na mkubwa.

Jua likizama, giza la kwetu halina subira. Nusu saa tu, na huoni kitu. Hapo ndipo taa na riflekta zinapofanya kazi. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zinakuja na taa ya dinamo inayosugua tairi. Ni nzuri, ila ukisimama inazimika, na mtoto huwa hatarini zaidi akiwa amesimama katikati akisubiri kukata kona. Kwa hiyo nawafungia taa ndogo ya betri, nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Riflekta haina mwanga wake, inarudisha mwanga inaopewa. Bajaji yenye taa mbovu haina cha kuipa. Mtu akiniambia ana pesa ya kitu kimoja tu, namwambia taa ya nyuma. Akiwa na chenji, mkanda unaong'aa wa kufunga kifundo cha mguu. Mguu unapanda na kushuka, na dereva akiona kitu kinachopanda na kushuka anajua mara moja kwamba yule ni mtu anaendesha. Mkanda wa kiunoni unaweza kufikiriwa ni kigingi.

Sasa niseme kuhusu breki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapokasirika.

Sikukuu zikifika, Krismasi au Idi, watoto wana mia mbili mia tano mfukoni, wanakwenda kukodi baiskeli kwa dakika. Ni furaha kubwa, nami nilijifunza kuendesha hivyohivyo. Lakini chunguza baiskeli zile. Nyingi hazina breki hata moja. Waya ulikatika, mwenye mali hakuurudisha, na watoto wamezoea kusimama kwa kukanyaga tairi la nyuma kwa ndala. Ndala ikilika wanatumia kisigino. Nimeosha vidonda vingi vya visigino kwenye banda langu, na ndivyo vilivyo vyepesi. Mtoto anayesimama kwa ndala anahitaji nafasi ndefu kusimama, wala hawezi kusimama na kukata kona kwa wakati mmoja.

Jaribio la breki halihitaji fundi. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli kwenda mbele: tairi la mbele ligome, la nyuma litake kunyanyuka. Kamata ya nyuma, sukuma tena: tairi liburuzike bila kuzunguka. Kisha uangalie mkono wa breki. Ukiubana ukagusa usukani, waya umelegea, au mipira ya breki imekwisha. Mtoto abane kwa vidole viwili tu. Akihitaji kutumia mkono mzima, breki ile ni ya mtu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa mtumba hawalijui. Breki ya mbele haiko mkono mmoja katika baiskeli zote. Za Japani na Uingereza kwa kawaida iko mkono wa kulia. Nyingi za kutoka bara la Ulaya na Marekani iko kushoto. Na zile za Uholanzi na Ujerumani, mara nyingi breki ya nyuma iko kwenye pedali: unakanyaga kinyumenyume ndipo inashika. Mtoto aliyezoea moja akiazima ya mwenzake, siku ya kushtuka anabana mkono alioujua, tairi la mbele linaganda, na yeye anaruka juu ya usukani. Nimeletewa watoto wenye meno yaliyovunjika kwa namna hii, na baiskeli haina hitilafu yoyote.

Kwangu, kila baiskeli ya mtoto inayoingia bandani, breki ya mbele naiweka kulia. Nina sababu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona ngumu ni ya kulia, ile ya kukatisha magari yanayokuja. Kabla ya kuikata unanyoosha mkono wa kulia kuonyesha. Mkono unaobaki kwenye usukani ni wa kushoto, na heri mkono huo uwe umeshika breki ya nyuma, ambayo hata ukiibana kwa pupa haikurushi. Mwenye baiskeli akikataa nisibadilishe, simlazimishi, ila namzungusha mtoto wake mbele ya banda mpaka mikono yake ijue ipi ni ipi.

Helmeti ni vita nyingine. "Fundi, inachoma." Najua inachoma, nami navaa. Lakini helmeti ya baiskeli ina matundu, na ukiwa kwenye mwendo upepo unapita. Utosi ulio wazi chini ya jua la Februari ndio unaochomeka. Zipo za mtumba kwenye masoko ya Karume na Kariakoo kwa bei ya kuongea. Igeuze uangalie povu jeupe la ndani: likiwa na ufa, au limebonyea mahali, iache, kwa sababu povu lile hufanya kazi yake mara moja tu. Likishapokea kishindo limekwisha hata kama ganda la nje linameremeta. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, siyo kisogoni kama kofia ya sikukuu. Mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Tafadhali usimvishe mtoto helmeti ya bodaboda. Ni nzito kwa shingo yake, inamziba masikio, na inazunguka kichwani mpaka inamfunika macho.

Wapo watakaosema ajali haina kinga. Nimelisikia neno hilo misibani, nami huitikia kwa heshima, kwa sababu pale linafariji. Bandani silikubali. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Tumefunga vyandarua majumbani kwetu kwa sababu tulikataa kwamba malaria haina kinga. Waya wa breki una bei ndogo kuliko chandarua.

Nirudi kwenye jua la mchana, niliahidi. Mtoto anywe maji kabla ya kutoka, asisubiri kiu, kisha kidogo kidogo kila wanapopumzika. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni haba. Aliyetoka jasho jingi nampa maji safi lita moja niliyochanganya sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo, ileile dawa ya kuhara ambayo kila mama anaijua. Akilalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, mchezo umekwisha: kivulini, shati livuliwe, maji yamwagwe mwilini, apepewe. Akianza kuongea yasiyoeleweka, au ngozi ni ya moto na hajitambui, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza kwa maji mkiwa njiani kwenda hospitali. Viganja vyenye jasho navyo huteleza kwenye usukani, hasa zile raba za mikononi zikiwa zimelika. Nabadilisha kwa bei ya soda.

Barabara za mwendokasi, zile njia maalumu za mabasi yaendayo haraka, nazitaja kwa ukali. Tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yanapita hapa kwenye vituo vya Mapipa, Usalama na Kagera, na tawi moja linakata Barabara ya Kawawa kwenda kituo cha Morocco. Njia yao ni laini, imenyooka, na dakika nyingi iko tupu. Kijana mwenye baiskeli anaiona kama zawadi. Lakini basi lile ni refu, ni zito, linakuja kasi, na dereva wake hana pa kukukwepea kwa sababu pembeni kuna kingo. Pia watu huangalia upande mmoja, wakasahau kwamba mabasi yanatoka pande zote mbili. Watoto wangu nawaambia ile si barabara ya baiskeli hata kama imetulia kama msikiti saa nne usiku.

Skuta zimeongezeka miaka hii, za kusukuma kwa mguu kutoka kwenye makontena ya mtumba, na za umeme utaziona zaidi Masaki na Oysterbay. Kosa ni kudhani ni baiskeli ndogo. Gurudumu lake ni dogo kama sahani, kwa hiyo shimo ambalo baiskeli inalipita bila wewe kujua, skuta inaganda na wewe unaendelea mbele. Mchanga uliosombwa na mvua, nyufa za mifuniko ya mitaro, kingo za vitofali: vyote ni maadui. Skuta ichezewe kwenye sakafu ngumu, magoti yakunjwe kidogo, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na viatu vya kufunga badala ya ndala. Ya umeme isiachwe juani, na isichajiwe ikitoka juani ingali na moto. Ipoe kwanza, itumie chaja yake yenyewe, na isichajiwe usiku mlangoni, ambako ndiko mtakakopita kukimbilia nje moto ukiwaka.

Mwenye baiskeli za kukodi mtaani kwetu tulizungumza naye kwa muda mrefu. Yeye ana watoto wa kusomesha, na kila waya wa breki ni pesa inayotoka. Tulikubaliana hivi: ananiletea zote kabla ya sikukuu, namfungia breki kwa bei ya vifaa tu, bila ufundi, na yeye anafunga kazi vivuli vikirefuka, baiskeli zote zirudi. Mwanzo alinung'unika kwamba namkosesha saa yenye wateja wengi. Siku hizi anafungua saa kumi, wateja wamehamia huko, na wazazi waliokuwa wakiwakataza watoto kukodi sasa wanawaleta wenyewe kwa mkono.

Kilichobaki ni mtaa wenyewe. Shirika la Amend lilianzia kwenye shule za jiji hili hili kazi ya kuweka matuta, vivuko na njia za miguu mahali watoto wanapopita, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na WRI Ross Center. Kwa hiyo tunajua linawezekana, na limefanyika Dar es Salaam, si Ulaya. Tumeandika barua ya kuomba matuta mawili kwenye kona ile ya ajali, tukaorodhesha majina ya wakazi, na madereva wa bajaji wa kijiweni wametia saini wote, akiwemo yule aliyempiga mtoto. Barua iko ofisi ya serikali ya mtaa. Tumeambiwa itasomwa kwenye mkutano ujao, na nimewaomba wazazi waje na watoto wao.